Sufuria ya Diwani

Kambini, Jumapili, 3 Februari

Dada,

Watu huanza barua kwa kusema wao ni wazima na hofu iko kwa yule wanayemwandikia. Mimi uzima wangu ni nusu, mgongo umebaki kwenye kiti cha katapila. Lakini hofu kweli iko kwako, tena yote.

Huku hakuna mtandao. Simu yangu sasa ni tochi. Barua atazibeba dereva wa lori la mafuta, yule mnene anayecheka peke yake. Akishusha mafuta kambini hurudi mjini kwenu kujaza tangi, kisha hupanda tena. Mpe chai, mpe barua, ila siri usimpe.

Diwani nimekuachia si kwa sababu kambi inakataa mbwa. Msimamizi wetu ana mbwa wawili, na wote wavivu. Nimekuachia kwa sababu ya Fundi Betri. Ndoa imekwisha, karatasi ya talaka unayo kabatini, lakini yule bwana huwa hasomi kitu asichokipenda. Geti lenye Diwani hatalivuka. Anaikumbuka suruali yake.

Sasa nisikilize habari ya chakula, maana adui hupenya hapo. Mwenye bucha ya mtaani kwenu ni mlevi mwenzake. Kwa hiyo mabaki ya bucha, basi. Makombo ya hotelini, basi. Diwani asile kitu chochote kilichopita kwenye mkono wa mtu mwingine. Nyama kanunue soko la mbali, umpikie mwenyewe, kwenye sufuria yake mwenyewe, na ukiondoka jikoni funga mlango. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka kama kioo na kumchana utumbo. Chokoleti hapana. Zabibu hapana, hata wale mapacha wa jirani wakimlilia. Chumvi iwe ya kuonja tu. Mengine mpikie vilevile unavyonipikia mimi, nami sijafa mpaka leo.

Nikitaja kupika roho inaniuma. Mpishi wetu hana huruma, vitunguu vinaelea kwenye mchuzi kama vyura. Nakaa navichomoa kimoja kimoja huku wenzangu wanamaliza nyama. Nimewaambia dada yangu hupika bila hata kipande cha kitunguu na hakuna mchuzi unaoufikia wake. Wananiita mwongo. Nimewaambia siku moja waje waonje.

Niandikie kila kitu. Usinichagulie.

Mdogo wako,
Katapila

* * *

Nyumbani, Jumamosi, 9 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika ikinuka dizeli. Dereva amekunywa chai akacheka na ukuta, akaondoka.

Diwani hajambo. Amejichagulia makao chini ya meza yangu ya kukatia, na sasa nakata sare za shule nikiwa nimeweka miguu juu ya mgongo wake. Pole kwa jina ulilompa, lakini linamfaa. Anapiga kelele mtaa mzima usikie, kazi yenyewe analala.

Nampikia kwenye sufuria ya marehemu mama, ile yenye mkono uliopigiliwa misumari. Nyama ya kusaga, wali laini, karoti, boga, na ini kidogo nikilipata. Naanza na msingi wangu uleule ninaoanzia chakula chako, kisha naweka maji, naacha vichemke mpaka mtaa wote unauliza kuna mgeni gani. Mama Mapacha alichungulia akasema kama mbwa anakula hivi basi yeye kesho anabweka. Chumvi nimeiogopa kama ulivyoniagiza. Mapacha wake nimewapiga marufuku na biskuti zao. Mlango wa jikoni naufunga kwa funguo mbili, na funguo zote ninalala nazo.

Wenzako wakibisha habari ya mchuzi, waache wabishe. Siri ya jiko haiandikwi.

Habari za yule bwana, hakuna. Sijamwona. Wala usikae ukimfikiria, ukapindua hilo dude lako barabarani.

Kazi ni nyingi, shule zimefungua. Cherehani nimeihamisha, sasa iko ukutani karibu na kabati. Pale dirishani jua lilikuwa linanisumbua.

Kula hata kama kuna vitunguu. Havikuui.

Dada yako

* * *

Kambini, Jumanne, 12 Februari

Dada,

Cherehani umeihamisha kutoka dirishani.

Tangu nikiwa mtoto nakusikia ukisema fundi asiye na mwanga anashona kidole chake. Ulipohamia nyumba hiyo ulichagua chumba kwa sababu ya dirisha lile, choo kibovu ukakisamehe. Leo jua linakusumbua. Uliona nini pale dirishani?

Na umeniandikia ukurasa mzima wa Diwani, anakula nini, analala wapi, lakini hakuna mahali uliposema anabweka. Unasema analala. Diwani wangu halali mchana.

Nimekuomba usinichagulie. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Mdogo wako

* * *

Nyumbani, Ijumaa, 22 Februari

Mdogo wangu,

Haya, nimeumbuka.

Alianza kuja wiki uliyoondoka. Anasimama ng'ambo ya barabara, mbele ya kibanda cha soda, ananunua chupa moja na kuinywa polepole akiangalia dirisha langu. Hasemi kitu. Ukimshtaki utasema nini, kwamba mtu amekunywa soda? Ofisi ya mtaa nilikwenda, wakamwita, akawaitikia kwa heshima zote, na kesho yake akanunua soda kubwa zaidi. Ndiyo maana nikaihamisha cherehani.

Siku za mwanzo Diwani alikuwa anambwekea mpaka chupa inamshinda anaiacha nusu. Nilikuwa nacheka nyuma ya pazia. Sasa sicheki.

Diwani anaumwa. Nilidhani ni joto, kisha nikadhani anakukumbuka. Anainuka kwa shida, akifika getini anahema kama aliyepanda mlima, anarudi kulala. Chakula alikuwa anamaliza, sasa ananusa na kuniangalia kwa adabu, anaacha. Mkojo wake umekuwa na rangi ya chai kavu iliyokolea. Nimemwongezea nguvu, nampa supu peke yake asubuhi, ile supu ya mama ya mafua tuliyokuwa tukinyweshwa kwa kubanwa pua. Anainywa kunifurahisha. Lakini kila siku namwona anazidi kwenda chini.

Juzi yule bwana alivuka barabara. Alisimama getini kabisa, akaongea kupitia kwenye tundu la komeo, kwa ile sauti yake ya upole ambayo wewe huijui, mimi naijua. Akasema, "Mbwa mbona kimya siku hizi? Ameshiba?" Nikamjibu amelala. Akasema, "Mbwa naye kiumbe tu. Haishi milele." Akaenda zake akipiga mluzi.

Utaniuliza kwa nini sijampeleka kwa daktari wa mifugo. Chumba cha daktari kinatazamana na duka la betri la yule bwana, mlango kwa mlango. Nikipita pale namburura Diwani aliyelegea, nimemtangazia mwenyewe kwamba geti langu halina mlinzi. Nimeshindwa. Kila asubuhi nasema leo, na kila asubuhi nashindwa.

Jioni nachukua mnyororo wa Diwani, nauburura mwenyewe uwanjani, huku na huku kwenye saruji, ili wanaopita wasikie. Mtu mzima na nywele zangu nyeupe, najifanya mbwa. Mama Mapacha ameniona, hakucheka.

Naogopa, mdogo wangu. Nilitaka nisikuandikie neno hilo, lakini ndilo lililojaa humu ndani. Jikoni hajaingia mtu. Nyama naipika mbele ya macho yangu. Hakuna mkono mwingine. Basi anamfikiaje?

Dada yako

* * *

Kambini, Jumatatu, 25 Februari

Dada,

Barua yako nimeisomea juu ya katapila, nikalizima katikati ya barabara, malori yakapanga foleni nyuma yangu.

Hapa kuna mzee wa ghala aliyefuga mbwa wa ulinzi ujana wake wote. Nimemsomea ulivyoandika. Nilipofika kwenye mkojo wa rangi ya chai akavua miwani. Akaniuliza, "Huko nyumbani wanampa vitunguu? Vitunguu maji, au saumu?" Anasema vitu hivyo huivunja damu ya mbwa kidogo kidogo. Leo huoni kitu, kesho huoni, halafu siku moja mbwa hainuki. Vikiwa vibichi, vikipikwa, vikisagwa, kwake ni sumu ileile.

Nikacheka, dada. Nikamwambia mzee, umekosea nyumba. Jiko la dada yangu halijui kitunguu. Mimi nimekulia kwenye jiko hilo, kitunguu nakisikia hata kikipita barabarani. Wenzangu wote wakatoa ushahidi, maana nimewachosha na hadithi hiyo.

Mzee akaivaa tena miwani yake. Akasema kama si kitunguu, basi yuko mtu anayempa sumu.

Kwa hiyo tumemjua. Nimepiga hesabu zangu zote na kila upande jibu ni moja. Chakula ni chako na ni safi, mlango una funguo mbili, basi anarusha kitu juu ya ukuta ukiwa umeinamia cherehani. Alikuja mwenyewe kukuambia haishi milele. Mtu hujuaje mwisho wa mbwa asiyemlisha?

Ijumaa napanda lori la kokoto. Msimamizi amesema nikiondoka kabla ya lami kumwagwa nisirudi, nikamwambia sawa. Sitapitia kwako kwanza. Nitapitia dukani kwake. Nimechukua kipande cha nondo ghalani, urefu wa mkono wangu, mzee ameniona nacho akageuka upande mwingine.

Usimwambie mtu. Mpe Diwani chakula kingi apate nguvu mpaka nifike.

Mdogo wako

* * *

Nyumbani, Alhamisi, 28 Februari

Mdogo wangu, simama hapohapo ulipo.

Dereva amefika sasa hivi na barua yako, injini inanguruma getini. Nimemwambia anywe chai mpaka niseme basi. Ameapa kwamba malori yote ya kokoto lazima yapite kwenye mizani, na kwamba atakutafuta hapo hata ikibidi alale chini ya lori lako.

Kitunguu kimo.

Kimo kwenye chakula chako tangu una meno ya maziwa. Ulikuwa unakitema, unalia, unakonda, watu wanamuuliza mama kama anakulisha. Mama akaanza kukitwanga kwenye kinu pamoja na saumu mpaka kinakuwa uji, anakikaanga taratibu kinayeyuka, kisha ndipo anaweka vingine vyote. Ukala, ukanenepa, ukaanza kujisifu kwamba wewe huli kitunguu. Tulikuwa tunacheka jikoni na mama, tumezibana midomo kwa kanga. Aliponiachia sufuria aliniachia na kinu. Huo ndio msingi wangu. Na supu ya mafua ni saumu tupu, mdogo wangu, kichwa kizima.

Uliniambia nimpikie kama wewe. Nimempikia kama wewe. Alipodhoofika nikamwongezea, na kadiri alivyozidi kudhoofika nikazidi kumwongezea, huku nimefunga jiko kwa funguo mbili ili asiingie mtu wa kumdhuru.

Nimemtuma Mama Mapacha kwa daktari. Nitaendelea akija.

Naendelea. Daktari ni binti mdogo tu, lakini akili anayo. Mama Mapacha alimweleza habari ya duka la betri, akaja na kitambaa kwapani kama mteja wa gauni, vifaa vyake kavifunga humo ndani. Alimfunua Diwani mdomo. Ufizi ni mweupe kama shati la shule. Akauliza nani anampikia. Nikamletea kinu. Akakinusa, akakiweka chini polepole, wala hakunigombeza, na ningefurahi angenigombeza. Amemchoma sindano, amenipa dawa ya kumtia maji mwilini. Chakula kiwe wali, nyama na boga, bila kitunguu wala saumu, wala masalio yake, na sufuria ile niisugue kwa mchanga. Atulie, asishtuliwe, kwa sababu hana damu ya kuhangaika nayo. Akivuka siku chache hizi, damu itaanza kujijaza. Asipovuka, hana la kunisaidia. Alinipa maneno hayo waziwazi nikiwa nimemshika Diwani sikio.

Sasa nisikilize wewe mwenye nondo. Yule bwana ana madhambi yake, na mengine mwili wangu ndio shahidi, na ipo siku atayajibu. Lakini hili si lake. Hili ni langu. Ukimpiga kwa ajili ya hili, utamfanya yeye ndiye mwenye haki, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Watakufunga. Yeye atalala hospitali apone, kisha atatoka, nami nitakuwa hapa na mbwa asiyebweka na mdogo wangu yuko jela. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Anachokisubiri ni hicho.

Kama huwezi kuja bila nondo, usije.

Dereva amemaliza chai yote ya nyumba.

Dada yako

* * *

Kwenye mizani, Ijumaa, 1 Machi

Dada,

Nakuandikia nyuma ya barua yako kwa sababu sina karatasi. Dereva amenikuta nimekaa kwenye tairi la akiba, nondo nimeizungushia gazeti kama mkate.

Nimeisoma mara ya kwanza nikakukasirikia wewe. Nikaisoma tena nikamkasirikia mama, na mama hayupo wa kunijibu. Mara ya tatu dereva akanishika bega, na hakucheka.

Sijawahi kuwa na uhakika na kitu duniani kama nilivyokuwa na uhakika kwamba huweki kitunguu. Jina langu ningeweza kulitilia shaka kwanza. Kwa uhakika huo nilikuwa nakwenda kumpasua mtu kichwa. Nilishapanga nitasimama wapi. Nilishapanga hata neno la kumwambia kabla.

Narudi kambini na lori la mafuta, nitampigia msimamizi magoti. Nikija sasa, nitasema nakuja kwako lakini miguu itakata kona kwenye duka la betri. Najijua. Nondo nimempa dereva.

Lakini nimebaki na woga mkubwa kuliko jana. Jana ulikuwa na mimi njiani. Leo huna mimi wala huna mbwa. Nenda ukalale kwa Mama Mapacha, nakuomba. Na niambie kama Diwani amevuka. Usinichagulie.

Mdogo wako

* * *

Nyumbani, Jumamosi, 9 Machi

Mdogo wangu,

Kwa Mama Mapacha sikwenda. Diwani hakuweza kutembea hata hapo kwa jirani, na kumbeba mbwa mkubwa hivyo barabarani, mchana kweupe, ni kumpigia yule bwana ngoma. Nikabaki.

Mnyororo niliacha kuuburura. Daktari alisema asishtuliwe, na kila nilipouvuta alikuwa anajaribu kuinuka, akidhani ni kazi yake inamwita. Kwa hiyo nyumba ikawa kimya kabisa. Nilikuwa najua ukimya ule unasikika ng'ambo. Nilishona kwa mkono ili hata cherehani isilie, nisikie geti. Sikulala vizuri, sikula vizuri, na sufuria ya mama nilikuwa naisugua hata ilipokuwa safi.

Jumanne, baada ya chakula cha mchana, mtaa umelala kwa jua, nikasikia komeo linaguswa. Nilitazama, nikauona mkono umeingia kwenye tundu la geti mpaka kwenye kiwiko, unapapasa. Niliuona mkono kabla sijamwona mtu. Naujua mkono ule.

Mkasi ulikuwa mbele yangu mezani. Siku zote nilijiambia siku hiyo ikifika nitashika mkasi. Sikuushika. Niliganda, mdogo wangu, hata kupiga kelele sikuweza. Nakuandikia hili kwa sababu uliniomba nisikuchagulie.

Diwani alitoka chini ya meza akanigusa mguu. Hakubweka. Nadhani hakuwa na pumzi ya kufanya yote mawili, akachagua moja. Alitembea polepole, kichwa chini, kama mzee anayekwenda kufunga mlango. Kule nje yule bwana alikuwa anapiga mluzi. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mluzi ulikatika.

Aliposhika hakuachia. Alining'inia hapo na uzito wake wote, miguu ya nyuma inateleza, na yule bwana anapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwake, kelele zilikuwa zangu siku zote. Mama Mapacha akatoka, muuza soda akatoka, mtaa mzima ukatoka. Wakauona mkono wa nani, na uko upande gani wa geti.

Alichomoka, akakimbilia zahanati. Pale wakamuuliza kwanza mbwa gani, wapi, ana chanjo. Akasema alikuwa anapita zake barabarani. Wakamwita daktari wetu kuthibitisha chanjo, naye akauliza swali moja tu, kwamba mbwa aliyefungiwa nyuma ya geti la bati amemfikiaje kiwiko mpita njia. Muuguzi akapeleka habari kituo cha polisi, kama wanavyopeleka kila mtu aliyeumwa na mbwa. Mtaa mzima umekwenda kutoa maelezo, hata muuza soda, ambaye nilidhani ni wake. Wamemweka ndani. Wataniita mahakamani, na safari hii sitasema habari ya soda tu. Nitasema yote.

Diwani alipomwachia alianguka hapohapo getini. Nililala naye chini kwenye saruji nimeweka mkono kwenye mbavu zake, kila akichelewa kuvuta pumzi na mimi naizuia yangu. Nilimwomba msamaha kwa sauti, watu wakinisikia. Daktari akaja akamchoma tena, akasema hajui. Kesho yake hakujua. Alhamisi alimfunua mdomo, akaniita nione mwenyewe. Ufizi una rangi kidogo, kama pamba iliyoguswa na damu ya kidole kilichochomwa na sindano. Leo asubuhi lori la mafuta lilipofika alibweka. Mara moja, sauti mbovu, akajishangaa. Dereva akamwambia shikamoo.

Sufuria sasa ni mbili. Ya mama ni ya Diwani, na ameistahili. Ya kwako nimenunua mpya. Kinu nimekipandisha juu ya kabati, sikishiki mpaka niwe nimemaliza kupika cha kwake na kunawa. Ukija na ruhusa, si na nondo, uniambie unataka chakula kipi. Ukitaka mchuzi usio na kitunguu kweli nitakupikia, ila nakuonya, huo hujawahi kuuonja.

Na hofu je? Ipo, nisikudanganye. Geti likigongwa, kwanza nalitazama tundu la komeo ndipo niulize ni nani. Ila jana nilichoka kushona gizani, nikamwita Mama Mapacha anisaidie kunyanyua upande mmoja. Cherehani tumeirudisha dirishani.

Dada yako